Kilomita 38 kwenye dashibodi: uchambuzi wa jaribio moja la gari jipya la spoti Dodoma

Yadi iko kando ya barabara ya Dar es Salaam, upande wa Kisasa. Mwenye yadi ameagiza Toyota GR86 mpya kutoka Japani, manyuali ya gia sita. Kutoka bandarini limeletwa Dodoma juu ya lori la kubebea magari, na dashibodi inasoma kilomita 38. Mnunuzi mmoja ameshatoa malipo ya awali, kwa makubaliano kwamba Jumapili asubuhi atalijaribu kisha amalizie pesa. Jumamosi saa nane mchana akaingia mteja mwingine na rafiki yake.

"Bosi, nizungushe kidogo tu, mpaka Ihumwa na kurudi."

"Sawa mkuu, ila taratibu, gari bado jipya."

Hakuna kingine kilichosemwa wala kuandikwa. Mwenye yadi alibaki ofisini, ufunguo ukaondoka.

Kisa hiki ni cha mfano, na wahusika wake si watu fulani. Makosa yaliyomo, hata hivyo, ni ya kila wiki kwenye yadi za magari, na gari la spoti huyalipia haraka kuliko pikapu.

Gari lilirudi baada ya dakika 25 likisoma kilomita 61. Injini ilizimwa palepale lilipoegeshwa. Kulikuwa na harufu kali ya klachi, diski za mbele zilikuwa na mabaka ya bluu, na plastiki ya chini ya bampa ilikuwa na mchubuko mpya. Video aliyorekodi rafiki ilieleza yaliyobaki: resi mbili za kuondokea kwenye mnyooko kabla ya Ihumwa, mshale wa mizunguko ya injini ukipanda mpaka mstari mwekundu kwa gia ya kwanza na ya pili, breki ya ghafla mbele ya tuta, kisha gari kusimama kama dakika nzima mguu ukiwa kwenye breki huku wenyewe wakicheka. Jumapili mnunuzi aliyelipa awali alikuta namba imebadilika. Alipofunga breki kutoka kilomita 70 kwa saa, usukani ulitetemeka. Akagoma kumalizia malipo.

Hapo kuna maswali matatu: nini hasa kimeumia, nani alipe, na jaribio lilitakiwa liendeshwe vipi.

Tuanze kwa kuondoa hofu isiyo na msingi. Kilomita 23 si tatizo. Hata kuufikisha mshale mizunguko 7,000 kwa dakika mara moja, oili ikiwa imeshapata moto, hakuui injini ya kisasa, kwani injini huwashwa na kupimwa kabla haijatoka kiwandani. Kilichoharibu mambo ni mzigo mkubwa kwenye vyuma vya baridi, joto lililoachwa likae sehemu moja, na gari kutokuwa na mtu ndani mwenye mamlaka ya kusema basi.

Injini kwanza, maana ndiyo inayozungumzwa sana na kueleweka kidogo. Ukuta wa silinda mpya hauko laini kama kioo. Umechorwa michirizo myembamba inayokatana kama wavu, na kazi ya michirizo hiyo ni kushika oili. Ringi za pistoni nazo zina ukingo ambao haujakaa sawasawa kwenye ukuta huo. Zinakaa kwa kusuguliwa, na kinachozisukuma zibane ukuta ni gesi ya mlipuko inayoingia nyuma ya ringi. Ndiyo maana kulibembeleza gari jipya kupita kiasi nako si heshima. Ukienda kilomita mia tatu kwa mwendo uleule, mguu ukigusa tu pedali, ringi hazipati msukumo, michirizo inajaa masizi ya oili, na baadaye gari linakuwa la kuongezewa oili kila mwezi. Injini mpya inataka mzigo wa kati unaopanda na kushuka. Isichotaka ni mzigo wote wakati oili bado nzito.

GR86 hutumia oili ya 0W-20. Kwa joto la nyuzi 100 oili hiyo ni nyepesi kama ilivyokusudiwa, ila kwa nyuzi 40 ni nzito mara kadhaa zaidi, na haifiki kila pembe kwa kasi ileile. Pistoni ni za aluminiamu, kuta za silinda zina bomba la chuma cha kusubu, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho kwa joto lilelile. Nafasi kati ya pistoni na ukuta imepigiwa hesabu ya injini iliyopata moto kamili. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya kwa mshale wa maji. Maji yanaweza kufika joto la kazi ndani ya dakika tano hivi, wakati oili inaweza kuhitaji dakika kumi hadi kumi na tano za mwendo. Jua la Dodoma linapunguza muda huo kidogo tu, na asubuhi za Juni na Julai hata hicho kidogo hakipo. Skrini ya dashibodi ya gari hili inaweza kuonyesha joto la oili. Iweke hapo na usubiri nyuzi 80 kabla ya kuomba chochote cha maana.

Kuna jambo baya kuliko resi ya Ihumwa, na mwenye yadi alikuwa analifanya mwenyewe. Kila mtu aliyeingia kulitazama aliwashiwa injini ili asikie muungurumo, ikapigwa resi mbili, ikazimwa baada ya dakika moja. Injini ya baridi humwagiwa petroli nyingi zaidi ili iwake vizuri. Sehemu ya petroli hiyo huosha oili kwenye kuta na kushuka chini kuchanganyika na oili ya sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini. Injini ikipata moto na kutembea, petroli hiyo hugeuka mvuke. Ikizimwa kila mara ikiwa baridi, inajikusanya. Gari la kuonyesha liwashwe mara moja kwa siku ikibidi, litoke, litembee kilomita zisizopungua kumi na tano, lirudi. Anayetaka kusikia sauti aje saa hiyo.

Klachi ndiyo iliyoumia zaidi katika kisa hiki. Sahani mpya ya klachi bado haijalalia flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, kwa upana wake wote. Inagusa kwa mabaka, na joto lote la kuteleza linaishia kwenye mabaka hayo. Ukishikilia injini kwenye mizunguko 5,000 halafu ukaachia klachi nusunusu ili gari liruke, unachoma uso wa sahani kwa sekunde chache. Harufu ile ni gundi ya sahani inayoungua. Mara mbili si kifo, lakini umri umepungua, na hakuna fundi atakayekuambia umepungua kiasi gani bila kushusha gia boksi.

Breki zina hadithi yake, na hapa ndipo watu wengi husema diski imepinda wakati haijapinda. Pedi mpya hufanya kazi vizuri baada ya kuacha utando mwembamba, ulio sawa, juu ya diski. Utando huo hujengwa kwa kufunga breki kwa wastani mara nyingi, diski ikipoa katikati. Alichofanya mteja wa Jumamosi ni kufunga kwa nguvu kutoka mwendo mkubwa, kisha kusimama pedi zikiwa zimebana palepale kwenye diski ya moto. Pedi ikaacha muhuri mnene sehemu moja. Kila diski inapozunguka, muhuri unapita, na usukani unatetemeka. Honda hushauri wenye magari mapya wasifunge breki kwa nguvu kwa kilomita 300 za mwanzo, na Toyota ina ushauri wa namna hiyohiyo wa kuepuka kusimama ghafla. Gari hili lilikuwa bado na zaidi ya 230 za kusubiri.

Difu na matairi tuyapitie haraka. Meno ya difu ya nyuma hulala upande na kusuguana kwa kuteleza, kwa hiyo yakiwa mapya hutoa joto jingi. Dawa yake ni kutoyapa mzigo mkubwa mfululizo. Matairi mapya yanatoka kiwandani na mabaki ya kemikali ya kuyabandua kwenye kalibu, na huteleza kwa kilomita mia moja na zaidi za mwanzo. Gari linalosukuma kwa nyuma, matairi yakiwa bado na utelezi huo, dereva asiyelijua, kipilefti cha Nanenane: hesabu hiyo haihitaji kalamu. Mfumo wa kuzuia kuteleza uachwe umewashwa, bila mjadala.

Sasa kikomo chenyewe cha mizunguko. Injini ya GR86 ni ya Subaru, silinda nne zilizolala za lita 2.4, na kitabu cha pacha wake, Subaru BRZ, kinasema kwa kilomita 1,600 za mwanzo usivuke mizunguko 4,000 kwa dakika isipokuwa kwa dharura, usiende mwendo mmoja kwa muda mrefu, na usiondoke wala kufunga breki kwa ghafla. Kampuni hazifanani. BMW kwa magari yake ya spoti ya M huruhusu mpaka 5,500 na kilomita 170 kwa saa katika kilomita 2,000 za mwanzo, halafu gari linarudi kumwagwa oili ya injini na ya difu. Corvette ya C8 hujipunguzia yenyewe nguvu kwenye gia za chini kwa maili 500 za mwanzo. Kwa hiyo anayekuambia "magari yote ni elfu tatu" au "siku hizi hakuna mambo hayo" hajafungua kitabu cha gari lililo mbele yake.

Mteja akisikia 4,000 anaona amenyimwa gari. Hajanyimwa. Injini hii hufikia msukumo wake wa juu kabisa, Nm 250, kwenye mizunguko 3,700. Ukipiga hesabu, pale pana kama kilowati 97 kati ya 173 za gari zima, yaani zaidi ya nusu ya nguvu ipo ndani ya kikomo. Na kwa uwiano wa gia zake na tairi za 215/40 R18, mizunguko 4,000 inakupa takribani kilomita 32 kwa saa kwa gia ya kwanza, 53 kwa ya pili, 75 kwa ya tatu, 95 kwa ya nne na 116 kwa ya tano. Mjini kibao kinasema 50. Gia ya pili pekee inakumalizia sheria.

Kinachobaki nje ya kikomo ni ule mlio wa juu kati ya 5,500 na 7,400, ambao ndio watu wanakuja kuutafuta. Huo usitafutwe kwenye gari la kuuza. Utafutwe kwenye gari la mtu lililokwisha kuzoea barabara, mteja akiwa abiria, au hata kwenye Toyota 86 ya zamani, ambayo tabia yake haiko mbali. Muuzaji anayetarajia kuleta magari matano angeteua moja liwe la majaribio, alizoeze mwenyewe, aliuze mwishoni kama lililotumika. Mwenye gari moja hana anasa hiyo, na asijifanye anayo.

Jambo la Dodoma lenyewe, ambalo lingemwokoa mteja wa Jumamosi kama angelijua: mji uko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia kumi kuliko ya Dar es Salaam, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Farasi 235 za kwenye karatasi zinakuwa kama 210. Aliyewahi kuendesha gari kama hili pwani atahisi hapa limechoka, ataongeza mguu, ataongeza tena, kisha atarudi na kusema injini ina kasoro. GR Yaris yenye turbo isingempa hisia hiyo kwa kiasi kilekile, kwa sababu turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu wa hewa. Muuzaji aliseme hili kabla mteja hajakaa kwenye kiti.

Jaribio lenyewe lingeanza na karatasi moja. Namba ya leseni ya anayeendesha, kilomita zinazosomeka kabla, kikomo cha kilomita 20, kikomo cha mizunguko 4,000, hakuna resi za kuondokea, hakuna kuzima mfumo wa kuzuia kuteleza, hakuna abiria wa ziada, na nani analipa rimu ikikwaruzwa au bampa likiguswa. Picha zipigwe za dashibodi, rimu nne, diski za mbele na chini ya bampa. Gari liwe limesajiliwa na lina bima kubwa inayomgusa dereva asiye mmiliki. Bima ndogo hulipa hasara za watu wengine tu, na baadhi ya bima kubwa zina masharti juu ya nani anaruhusiwa kuendesha, kwa hiyo soma. Gari lililoagizwa moja kwa moja kutoka Japani lisihesabiwe kuwa na waranti itakayokubalika hapa mpaka uione kwa maandishi. Bila waranti, kila jeraha la jaribio ni la mwenye gari wa mwisho.

Baada ya karatasi, gari. Magari husafirishwa na upepo mwingi kwenye matairi ili yasibonyee safarini, na baadhi huja na vizuizi vya plastiki kwenye springi. Upepo ushushwe mpaka kiwango cha kibandiko cha mlangoni, tairi zikiwa za baridi, na vizuizi viondolewe. Yadi zinazoruka hatua hii humpa mteja gari linalodundadunda, naye anaondoka akiamini shokapu ni mbovu. Kijiti cha oili kitazamwe gari likiwa pa usawa, injini ikiwa imepumzika dakika tano au zaidi, kwa sababu injini iliyolala hurudisha oili chini polepole. GR86 ina taa ya kuashiria mizunguko, nayo hupangwa iwake pale unapotaka. Iwekwe 4,000. Mabishano mengi yanakufa hapo, maana taa haina undugu na mtu.

Muda mzuri ni Jumapili saa moja asubuhi. Malori ya Dar es Salaam yapo wakati wote, lakini bajaji, bodaboda na wasafiri wa stendi kuu ya Nzuguni wanakuwa bado hawajafurika. Barabara za Mji wa Serikali Mtumba ni pana na zinashawishi, ila hazikujengwa kwa ajili ya kusikilizia ekzosi, na mlinzi akikusimamisha atakuwa na haki.

Mpangilio unaofaa ni huu: mtu wa yadi aendeshe kwenda, mteja aendeshe kurudi. Safari ya kwenda, kilomita kumi hivi, ni ya kupasha moto. Mizunguko isizidi 2,500 mpaka oili ifike nyuzi 60, kisha 3,000 mpaka 80. Mteja akiwa abiria asikilize: mlio wa difu kati ya kilomita 60 na 80, mguu ukiongeza na mguu ukiachia, upepo milangoni, plastiki zinazolia kwenye matuta ya rasharasha. Abiria husikia mengi ambayo dereva mwenye hamu hayasikii. Wabadilishane mahali pana nje ya lami, wasisimame kwenye kona wala kituo cha daladala. Mteja anapokamata usukani, oili imeshakuwa tayari, na muda wake wote unakwenda kwenye kulijua gari.

Akiwa njiani kurudi, mambo ya kufanya si mengi. Apande gia moja baada ya nyingine kwa mizunguko kati ya 2,500 na 3,500, akisikia kama ya pili kwenda ya tatu inaingia bila kukwaruza. Gia boksi jipya huwa gumu kidogo likiwa baridi, hiyo si kasoro. Likikwaruza lote likiwa na moto, hiyo ni kasoro. Pakiwa peupe, gia ya tatu kutoka 2,000 aongeze mguu mpaka nusu au theluthi mbili, afike 3,800, aachie kabisa, injini ivute gari mpaka 2,000 tena. Mara tatu zinatosha. Kitendo hicho kinamwonyesha msukumo, kinaonyesha kama injini inaitikia bila kukohoa, na kwa ringi ni zoezi zuri hasa. Breki afunge mara nne kutoka 60 mpaka 20 kwa mguu wa wastani, akiangalia kama usukani unavutwa upande, na asisimame kabisa baada ya hapo mpaka zimepata upepo.

Kushuka gia kunahitaji neno lake. Kizuizi cha mizunguko kinaizuia injini isijizidishe kwa kuikatia mafuta, lakini hakina uwezo wowote pale magurudumu yanapoisukuma injini. Ukiwa kilomita 100 kwa saa, ukakusudia gia ya nne mkono ukaangukia ya pili, injini inavutwa mpaka kama mizunguko 7,560, juu ya mstari mwekundu. Ndiyo maana mteja asiyeizoea gia hii afunge breki kwanza, apunguze mwendo, kisha ashuke gia moja moja. Porsche huhifadhi kwenye kompyuta ya injini rekodi za mizunguko iliyopitiliza, na wanunuzi wa magari yaliyotumika huziomba kabla ya kulipa. Kwa magari yasiyo na rekodi hiyo, shahidi ni mtu aliyekaa kiti cha kushoto.

Matuta: tumbo la gari hili liko milimita 130 kutoka ardhini. Tuta lililojengwa na kamati ya mtaa halisomi namba hiyo. Gari lisimame karibu, lipande kwa gia ya kwanza, bila kufunga breki juu ya tuta, kwa sababu breki inashusha pua. Mchubuko wa Jumamosi ulitokana na hilo hasa: breki zilikuwa bado zimekamatwa wakati magurudumu ya mbele yanashuka.

Kilomita mbili za mwisho ziwe za utulivu, na injini iungurume bila mzigo nusu dakika kabla ya kuzimwa. Kwa gari lenye turbo lililotoka kufanya kazi, ongeza muda.

Turudi kwenye kisa. Jumatatu gari lilipandishwa kwenye mashine ya kunyanyulia. Kompyuta haikuonyesha kosa lolote. Kijiti cha oili kilikuwa kwenye alama, oili ya rangi ya asali. Klachi ilipimwa barabarani kwa gia ya tano, kilomita 60 kwa saa, mguu ukaongezwa hadi robo tatu huku mizunguko ikibaki chini ya 3,000: mshale na spidi vilipanda pamoja, kwa hiyo hakuna kuteleza. Diski zilipimwa kwa geji ya mshale, zikakutwa na mtikisiko wa milimita 0.03, ambao ni mdogo. Maana yake hazijapinda, ni muhuri wa pedi. Pedi zilitolewa, zikapitishwa msasa mwepesi juu ya kioo cha bapa, diski zikasafishwa, kisha breki zikafungwa mara kumi kutoka 60 mpaka 15 kwa mguu wa wastani, na nafasi ya nusu dakika katikati. Mtetemeko ukapungua mpaka ukawa wa kutafutwa.

Mnunuzi alitaka injini ifunguliwe ili "tujue ukweli." Alikosea, ingawa hasira yake inaeleweka. Kufungua injini nzima kwa ajili ya shaka ni kuleta madhara ya uhakika kufukuza ya kubahatisha, na mikono iliyoifunga kiwandani ni bora kuliko itakayoifunga tena gereji. Kipimo cha maana ni oili: imwagwe mapema, kwenye kilomita 1,000, chujio likatwe na kufunguliwa. Unga laini unaometameta kwenye oili ya kwanza ni wa kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa jicho na kushikika kwa kucha si vya kawaida, na hapo ndipo mazungumzo ya kufungua yanaanza.

Makubaliano yalifikiwa hivi. Muuzaji alibadilisha plastiki ya chini, akajiandikia gharama ya oili na chujio la injini pamoja na oili ya difu kwenye kilomita 1,000, na pedi mpya za mbele ikiwa mtetemeko ungerudi kabla ya kilomita 300. Kwa klachi, kwa kuwa hasara haipimiki bila kushusha gia boksi, bei ilipunguzwa kwa nusu ya gharama ya sahani na kava lake, bila ufundi. Tunaona ni haki. Mteja wa Jumamosi hakudaiwa chochote, kwa sababu hakuna alichosaini, na aliyempa ufunguo ni mwenye mali. Kumfuata kwa simu kungekuwa kelele tu.

Imebaki kama kilomita 1,500 za kulizoeza, na mnunuzi alitaka kujua azimalizie wapi. Barabara ya Dar es Salaam ya kufuatana na malori kwa mwendo mmoja haimfai. Njia ya Iringa kupitia Mtera inamfaa zaidi, kama kilomita 260, yenye kupanda na kushuka kwa asili yake. Kwenye mlima wa Nyang'oro apande kwa gia ya tatu au ya nne, mizunguko kati ya 2,500 na 3,800, asiilazimishe gia ya sita injini ikiwa inanguruma chini ya 1,500, kwani mzigo mzito kwenye mizunguko midogo huibana injini kuliko mshale wa juu. Akishuka, gia hiyohiyo imshikie gari, pedi zipumzike. Na mfumo wa kushikilia spidi usiguswe mpaka kilomita 1,600 zitimie.